Ukurasa wa Saba

Duka langu lipo nyuma ya stesheni ya zamani, Moshi mjini,
mlango wa bluu, kengele ya baiskeli badala ya hodi.
Nakodisha buti za mlimani, majaketi, mifuko ya kulalia,
glavu zilizofika Kibo mara nyingi
kuliko mimi nisiyewahi kuvuka geti.

Kwenye gugo nilikuwa ukurasa wa saba.
Wa saba! Huko hafiki mtu
ila aliyepotea, na mimi mwenye duka,
saa tano za usiku, nikijitafuta.

Kizuri chajiuza, alikuwa akisema mama,
aliyeuza mitumba Kiboriloni miaka ishirini na miwili.
Lakini mama alikuwa na sauti, na meza yake ilikuwa njiani.
Kizuri cha ukurasa wa saba kinajiuza kwa nani?
Mlima nao hujifunika mawingu wiki nzima
na hakuna anayesema haupo.
Mimi nikifunikwa siku moja, sipo.

Akaja kijana mwenye kadi inayong'aa:
"Laki tatu, dada, wiki moja uko juu."
Alitaka kuandika viatu viatu viatu
kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe,
mashine ione, mteja asione.
Nikakumbuka yule jirani wa babu, Kibosho,
aliyetia kokoto kwenye gunia la kahawa.
Mizani ilimwamini msimu mmoja.
Nikamwambia kijana: chai ipo, laki hakuna.

Anaseli, fundi simu wa mtaa wa pili,
alitaka tu kuazima jaketi jekundu
la kumwendea mchumba Jumapili.
Akafungua tovuti yangu, akaguna.
Picha ya kwanza ilikawia mpaka nikamenya ndizi tatu.
"Machame getini mzigo wa mpagazi unapimwa,
kilo ishirini, basi. Picha zako nani kazipima?"
Tukazipunguza moja moja, zikaanza kutembea.
Kisha: "Watu wakifika mlangoni huuliza nini?"

Nikacheka. Huuliza nini!
Namba arobaini na saba ipo?
Jaketi likichanika nalipa?
Buti zikilowa mvua ya Aprili zinakauka lini?
"Na hapa umeandika nini?"
Nilikuwa nimeandika: Karibuni sana,
sisi ni bora kuliko wote.

Nilinyamaza.
Miaka tisa nawajibu watu kizingitini,
halafu nakwenda mtandaoni
kujibu swali ambalo hajaniuliza mtu.

Basi daftari likahamia kaunta.
Swali la mteja, kwa maneno yake, na makosa yake.
Usiku nalijibu, Kiingereza changu kikichechemea,
na kilipogoma kabisa nikaandika Kiswahili,
nikijua hakuna atakayesoma.

Mwezi wa kwanza, ukurasa wa sita.
Wa pili, wa sita.
Wa tatu nikaacha kuhesabu, nikapaka buti mafuta.

Jumanne moja kengele ikalia.
Nilitazamia kofia pana na kamera.
Alikuwa Barakaeli, mpagazi, wa Mweka,
soksi moja kijani moja kijivu, simu ina ufa:
"Nimeandika, kukodi buti za mlimani bei ya mpagazi.
Umetokea wewe. Hakukuwa na wa pili."

Mji mzima tulikuwa tunasukumana
kwenye mlango wa wageni,
na mlango wa wenyewe uko wazi, hauna hata foleni.

Nikampa arobaini na mbili.
Akakanyaga sakafu, akakanyaga tena,
kama anayeisikiliza.
Kwa Kiingereza niko wa tatu, bado napanda, polepole.

Alipokuwa anafunga kamba aliuliza,
bila kuinua kichwa:
hivi kidole gumba kikiuma wakati wa kushuka,
mtu afanyeje?

Nikavuta daftari.
Nikaandika hivyohivyo.